Usiandike Kuhusu Mahindi

Leokadia mwanangu,

Umeondoka mchana huu kwenda Kasense kumuaga shangazi yako Skola, na mimi nimebaki nyumbani na hasira. Nimejaribu kuimalizia kwenye kuni. Kuni za wiki nzima zimepasuka zote, nimezipanga ukutani, na hasira iko palepale. Mama yako amenitazama kupitia dirisha la jiko akasema, "Baba Leokadia, kama kuna mtu unamtafuta ndani ya hilo gogo, hayumo." Basi nimeacha shoka, nimechukua kalamu.

Mambo ya safari sitayagusa. Sweta, chakula cha njiani, kutoitoa simu karibu na dirisha basi linaposimama, hayo mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena. Mimi nina jambo moja, nalo ni la Jumapili, pale sebuleni kwetu. Wewe hukukosea. Naanza na hilo ili usisome barua hii ukidhani nakugombeza.

Tulikuwa tumetoka misani. Baba yako mkubwa Melkiadi alikuwa amepanda kutoka Mtowisa juu ya lori, na gunia la mchele kama zawadi yako, na vumbi la bondeni bado limo kwenye nyusi. Alikula, akashiba, akanawa, akakugeukia kwa upendo kabisa. Nasema kwa upendo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu.

"Haya mama, tueleze na sisi tusiosoma. Huko chuoni unakwenda kusomea nini hasa?"

Ukamjibu vizuri. Ulikaa wima, ukasema unakwenda kusoma historia ya jamii, na kwamba tasnifu yako itahusu jinsi wasichana wa Ufipa walivyofundishwa mambo ya mwili, ndoa na uzazi, tangu enzi za bibi zenu mpaka leo. Nilijivuna mpaka nikaweka kikombe chini.

"Yaani," akasema kaka yangu, "mtu anafunga safari mpaka huko kote kwenda kusomea mambo ya chumbani?"

Watu wakacheka.

"Mimi nina watoto tisa," akaendelea, maana kicheko kilimpa nguvu. "Hakuna chuo kilichonifundisha!"

"Baba mkubwa, wewe ulipaswa uwe profesa," akasema kaka yako Deo, na kicheko kikazidi. Kisha akakugeukia. "Dada, andika kitu ambacho mtu anaweza kukisoma bila kufunga mlango."

"Na siku ya posa je?" akauliza baba yako mkubwa. "Watauliza, binti amesomea nini? Tutamtazama nani usoni?"

Ukatazama sakafu. Nilikuona ukihesabu vigae. Kisha ukasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Basi nitaandika kuhusu mahindi. Kilimo cha mahindi Rukwa."

Wakapiga makofi. "Hapo sawa! Mahindi yana soko!" Mimi nikasimama, nikatoka nje. Mama yako alidhani ni tumbo.

Najua ulivyonielewa. Uliona baba yako ametoka kwa aibu. Na ungekuwa na haki ya kuona hivyo, kwa sababu kwetu baba na binti hawaketi wakazungumza mwili. Ulipofikia umri wa kuvunja ungo, shangazi yako aliitwa kutoka Kasense, na mimi nikatumwa dukani kununua sukari. Sukari ilikuwapo, kopo zima. Nikaenda hivyohivyo. Nilizunguka sokoni mpaka nikajua bei ya kila kitu, na niliporudi na kilo yangu ya sukari hakuna aliyeipokea. Sijui shangazi yako alikuambia nini siku ile. Sijawahi kuuliza. Na Melkiadi ni mkubwa wangu, na mkubwa wako humpingi mbele ya watu huku chakula chake kikiwa bado mezani. Hayo yote ni kweli. Lakini si yaliyonitoa nje.

Kilichonitoa nje ni lile neno, mahindi. Nilikwisha kulisikia kabla hujazaliwa, kwa msichana mwingine, na kwa sababu ileile.

Unajua kwamba kazi yangu yote ilikuwa ukutubi katika maktaba ya chuo cha ualimu. Unalikumbuka na lile kabati la mbao lenye kufuli nyuma ya meza yangu. Ulikuwa ukiliegemea ukila andazi, nikikukaripia usiangushe mafuta. Usichokijua ni jinsi lile kabati lilivyofanya kazi.

Siku moja alikuja mezani pangu mwanachuo kutoka Ilemba, jina lake Perpetua. Msichana mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nyuma yake palikuwa na foleni ya wavulana wanaorudisha vitabu. Aliniuliza kama tuna kitabu kinachoeleza hedhi, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuandika jinsi mama zetu walivyowafundisha binti zao jambo hilo. Alikuwa na kazi ya kuandika ya mwisho wa mwaka. Alitaka kueleza kwa nini wasichana wa shule ya kwao hupotea darasani kila mwezi kisha wakarudi, na hakuna mwalimu anayewauliza walikuwa wapi.

Vitabu vilikuwapo. Ningenyoosha mkono bila kunyanyuka kwenye kiti ningevigusa. Lakini utaratibu ulikuwa kwamba kitabu cha kabatini hakitolewi bila barua ya mkuu wa chuo, nami nikamwambia hivyo. Nilimwambia kwa adabu, kwa sauti ya kawaida, na sauti ya kawaida ndani ya maktaba husikika mpaka mlangoni.

"Barua ya kitabu gani hicho?" mvulana mmoja akauliza.

"Cha kabatini!"

"Ee, Perpetua! Unafungua kliniki?"

"Mwacheni, anajiandaa. Mshenga ameshafika kwao?"

Perpetua akaitazama mikono yake. "Samahani Mwalimu," akasema, "nilikuwa nataka atlasi."

Nikampa atlasi, nikagonga mhuri. Mwisho wa mwaka alileta kazi nadhifu sana kuhusu kilimo cha mahindi Ilemba. Akapata alama za juu, na kazi ile ikawekwa kwenye rafu ya wazi ili wengine waige.

Nikueleze kabati lilivyoanza, kwa sababu huko uendako utakutana na makabati mengine, na si yote yametengenezwa kwa mbao.

Mkuu wa chuo wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Aliwakuta wanachuo wawili wakichekelea picha kwenye kitabu cha afya, akanijia mbio na kitabu mkononi. "Vitabu vya namna hii," akasema, "ama uvichome, ama uvifungie." Nikachagua kuvifungia. Siku hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele. Niliona nimeviokoa vitabu visichomwe, na kwamba siku nyingine, akija mkuu mwingine, nitavirudisha rafuni. Wakaja wakuu wengine. Kila mmoja alikuta kabati limefungwa, akadhani lina sababu.

Yule mkuu wa kwanza alipita mwenyewe kwenye rafu kuchagua vya kufungia. Akachukua vitabu vya afya ya uzazi. Akachukua tasnifu kuhusu mahari. Akachukua ripoti iliyopigwa taipu na mtawa mmoja muuguzi, aliyezunguka Bonde la Rukwa kwa miaka akizungumza na wakunga wa kienyeji, na akaandika jina la kila mkunga na mambo aliyoyajua. Nakala ilikuwa hiyo moja. Kisha akafika kwenye rafu ya ufundi, akashika kitabu kuhusu malungu. Unayakumbuka, yale matanuru marefu ya udongo ambamo babu zetu waliyeyushia chuma. Ulipanda juu ya mabaki yake ukiwa mdogo, ukaanguka.

"Hiki nacho," akasema.

"Mkuu, hicho ni cha chuma."

"Soma hapa. Tanuru linapambwa kama bibi harusi. Na mafundi hawalali na wake zao mpaka kazi iishe."

"Lakini ni udongo, Mkuu."

"Udongo hauna aibu. Maelezo yake ndiyo yana aibu."

Basi tanuru likafungiwa. Nimecheka jambo hilo kwa miaka mingi, na leo silicheki tena. Tangu siku ile, kila mwanachuo aliyeandika kuhusu chuma cha Ufipa aliandika udongo, mkaa na mivukuto ya kupulizia moto. Wote waliandika vizuri. Hakuna aliyeuliza kwa nini wanaume waliowakataza wake zao wasisogelee kazi ile waliliita tanuru mwanamke. Hakuna aliyeuliza wake wenyewe walifikiri nini walipokuwa wakingoja nyumbani. Nusu ya historia yetu ilikuwa kabatini, na nusu iliyobaki nje ikaitwa historia yote.

Sasa sikiliza sehemu inayonikera kuliko zote. Ni jambo dogo la kazi yetu wakutubi, lakini ukilielewa utakuwa umeelewa mengi.

Mwishoni mwa kila kitabu cha maktaba hubandikwa karatasi ya tarehe. Kila kitabu kinapoazimwa, mkutubi anagonga mhuri hapo. Rafu zinapojaa, mkutubi hupita akifunua nyuma ya vitabu. Chenye mihuri mingi kinabaki. Kisicho na mhuri kwa miaka mingi kinaondolewa kipishe kingine. Ni utaratibu wa busara. Nimeufundisha mimi mwenyewe kwa wasaidizi wangu.

Basi ikaja kamati. Chuo kilitaka nafasi ya kuweka kompyuta, na rafu zipunguzwe. Walipomaliza rafu za wazi, mwenyekiti akaniomba ufunguo wa kabati. Akafunua kitabu cha kwanza nyuma. Karatasi nyeupe. Cha pili, nyeupe. Vyote nyeupe, kama vilivyotoka kiwandani.

"Mwalimu, hivi havina wasomaji."

"Vilifungiwa, Mwenyekiti. Wasomaji hawakuruhusiwa."

"Si kulikuwa na utaratibu wa barua? Wangevihitaji wangeomba."

"Aliyeomba alichekwa."

"Hilo limeandikwa wapi?"

Halikuandikwa popote. Vikatolewa vyote, ripoti ya mtawa, mahari, tanuru. Vikauzwa kwa uzito pamoja na magazeti ya zamani. Baada ya muda nilikwenda sokoni, nikaona dagaa wakifungwa kwa karatasi ya taipu ninayoijua. Nikamwambia mwenye meza anionyeshe ile karatasi.

"Mzee, unataka dagaa au unataka karatasi?"

"Karatasi."

Akacheka, akanipa. Ilikuwa na jina la mkunga wa Mtowisa, nusu yake. Nusu nyingine ililainika kwa mafuta ya samaki.

Umeuona mchezo wenyewe, mwanangu? Kwanza wanakifungia kitabu kisisomwe. Halafu wanakitupa kwa kuwa hakikusomwa. Na katikati hakuna mtu mbaya hata mmoja. Mkuu alitaka heshima, mwenyekiti alitaka nafasi, wale wavulana walitaka kucheka, na mimi nilitaka kuwa mtunzaji mwaminifu. Leo akija mtafiti akauliza kuhusu wakunga wa bondeni, ataambiwa bila uongo wowote kwamba hakuna kilichoandikwa. Na yeye ataandika kwenye kitabu chake: hakuna kilichoandikwa. Na watu watasema, kumbe wale wanawake hawakuwa na la kusema.

Jumapili ilikuwa kabati lilelile. Hawakukukataza. Walicheka tu, mpaka ukaomba atlasi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Ilemba kwenye harusi. Mama mmoja mnene mwenye miwani akanijia. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Perpetua. Wa atlasi."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini yeye alikuwa anacheka. Alikuwa mwalimu mkuu. "Ile atlasi niliisoma yote," akasema. "Hata leo nikifumba macho nitakuonyesha mito ya Amerika Kusini."

"Na mahindi?"

"Mahindi! Mwalimu, sijawahi kulima hata robo eka. Yote yale aliniambia mjomba." Kisha kicheko kikamwisha. "Wasichana wangu bado wanapotea darasani. Nimewajengea choo chenye mlango na maji, wengine wanabaki. Lakini nikisema mkutanoni kwamba jambo hili ni la tangu zamani, na kwamba bibi zetu walikuwa na namna yao ya kulishughulikia, naulizwa, ushahidi uko wapi? Naonekana natunga. Ningekuwa nimeliandika wakati ule..."

"Ungeliandika," nikamwambia, "ningeliweka kabatini."

Akanitazama juu ya miwani. "Ndiyo. Lakini lingekuwa limeandikwa. Na nakala ningekuwa nayo mimi."

Hilo ndilo nilitaka kukuambia Jumapili pale sebuleni, badala yake nikatoka nje. Mimi maisha yangu yote nilidhani kazi ni kutunza kilichoandikwa. Perpetua alinifundisha, akiwa na sahani ya pilau mkononi, kwamba kuna hatua kabla ya hiyo.

Sasa nikueleze namna ya kutafuta, maana hili nalijua, na hata kwa hasira siwezi kuacha kueleza. Utakapoingia kwenye maktaba kubwa, usitafute "historia ya wanawake," ukakuta vitabu vichache, ukafunga begi. Wetu hawakuwekwa kwenye historia. Walitawanywa. Watafute kwenye afya, kwenye dini, kwenye ustawi wa jamii, kwenye mapishi. Kwenye hifadhi za nyaraka, omba majalada ya kesi za ndoa, kwa sababu mwanamke aliyefika barazani kudai talaka aliulizwa maswali na akajibu, na karani akaandika. Utasikia sauti yake hapo kuliko mahali pengine popote, ingawa imepita kwenye mkono wa karani. Kwenye shajara za misheni utamkuta akiitwa "mke wa fulani" au "mama mmoja." Fuata hiyo "mama mmoja" mpaka daftari la ubatizo, huko mara nyingi ana jina.

Na wapo ambao hata kwa ndoa hawakuandikwa. Wasiooa, wasioolewa, walioishi na waliowapenda kwa namna ambayo wakubwa waliiita kosa. Hao utawakuta kwenye mashtaka peke yake, wameelezwa na mtu aliyewashtaki. Wasome polepole. Waulize walikula nini, walilima wapi, nani aliwazika. Walikwisha kuhukumiwa mara moja. Wewe huendi huko kuwahukumu mara ya pili.

Soma hata ripoti za kilimo. Palipoandikwa "nguvukazi ya kaya," jua ni mama mwenye jembe na mtoto mgongoni. Mahindi yenyewe hayana kosa, Leokadia. Yametulisha, yamekusomesha. Siku ukiyapenda kwa moyo wako, yaandike. Lakini usiyashike kama Perpetua alivyoishika ile atlasi.

Usipoona kitabu, muulize mkutubi. Muulize foleni ikiwa nyuma yako, kwa sauti ya kawaida. Wakicheka, subiri wamalize, kisha uliza tena kwa maneno yaleyale. Na kila kitabu cha mambo haya utakachokikuta kwenye rafu, kiazime, hata kama umeshakisoma, hata kama utakirudisha kesho yake. Waache wagonge mhuri. Hujui kamati itapita lini.

Nimempigia simu baba yako mkubwa leo asubuhi. Nimemwamkia, nikamwambia, "Kaka, Jumapili ulimkosea mwanangu." Akakata simu. Baada ya muda akapiga mwenyewe.

"Kumbe umekasirika kweli?"

"Kweli."

"Kwa ajili ya mambo ya chumbani?"

"Kwa ajili ya mama yetu," nikasema. "Umesahau wasichana waliokuwa wakikusanyika kwake? Umesahau tulivyofukuzwa kwenda kuchunga hata siku za mvua? Unafikiri walikuwa wakisukana nywele?"

Nikamsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Mama alikuwa na kazi kubwa." Na baadaye kidogo, "Mwambie mchele asiuache." Kwa kaka yangu, hayo ni mengi.

Mama yetu ndiye uliyepewa jina lake. Ndiyo maana nimekuita mama tangu ulipozaliwa. Wasichana wa vijiji vingi walifundwa mikononi mwake, na katika maktaba niliyoiongoza mimi, mtoto wake wa kumzaa, hapakuwa na mstari mmoja kumhusu. Nisingeweza kuuandika. Mimi ni mwanamume; hakuniambia, na hakukosea. Lakini sikumtafuta hata msichana mmoja wa kumtuma kwake na kalamu. Nilikuwa nimekalia kiti, natunza ufunguo.

Nimalizie na kilichotokea nilipotoka nje Jumapili. Shangazi yako Skola alikuwa amekwisha kutoka sebuleni, yuko getini, anajifunga kitenge, anaondoka kabla ya chai. Unajua yeye haondoki kabla ya chai.

"Kaka," akasema, "mwanao kasema mahindi."

"Nimesikia."

"Mimi nilikuwa nimejiandaa."

Nikamuuliza amejiandaa kwa lipi. Akasema ulimwambia tangu Pasaka kwamba utakwenda kumuuliza aliyofundishwa na mama. Tangu hapo amekuwa akiyakumbuka, neno kwa neno, wimbo kwa wimbo, akipalilia, akichota maji. Yaliyompotea aliwaendea wenzake waliofundwa pamoja. Kuna mmoja alimfuata mpaka ng'ambo ya mto, akamkuta kitandani, hazungumzi tena. "Tumebaki wachache," akasema. "Nikajisemea, si neno, mtoto anakuja."

"Basi mwambie akija kukuaga."

"Siwezi kuanza mimi. Haya hayasemwi kwa asiyeuliza. Mama hakuanza, na mimi sianzi."

"Niambie mimi, nimwandikie."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe?" akasema. "Nenda kanunue sukari."

Akaenda zake.

Sasa hivi uko kwake. Namjua, na ninakujua. Mtakuwa mnakunywa chai, mnaongea bei ya mbolea, kila mmoja anamngoja mwenzake. Yeye hataanza, na wewe bado unazisikia zile kelele za Jumapili. Utamuaga, atakufungia karanga, utapanda pikipiki kurudi mjini jioni, na barua hii utaikuta juu ya begi lako.

Sitakuamuru. Nimeona wanaume wengi mno wakiamua wasichana waandike nini, na sitaki kuwa mmoja zaidi, hata kwa upande wako. Ukiamua kuondoka kesho alfajiri, nitabeba begi lako mpaka stendi, sitasema neno, na nitapunga mkono mpaka basi lipotee. Utabaki mwanangu, na mimi baba yako.

Ila nimepita kwenye ofisi ya basi. Tiketi inasogezwa mbele bila shida, mradi uwaambie leo kabla hawajafunga. Chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Mama yako nitamweleza mimi.

Shangazi yako haendi shamba kesho.

Baba yako